Ngazija, Nzwani, Mwali au Maore: ukienda Komoro ushuke kisiwa kipi?

Mtu akikwambia anakwenda Komoro, muulize: Komoro ipi? Jina ni moja, visiwa ni vinne, na tofauti zake ni kubwa kuliko zile tunazozijua baina ya Unguja na Pemba. Kimoja hakina mto hata mmoja. Kingine kilijaliwa mito mingi, kisha watu wakajaa mpaka mashamba yakapanda mabega ya milima. Cha tatu ni kidogo, na kwenye fukwe zake kasa hupanda kutaga usiku wakati kijiji kimelala. Cha nne kina bahari ya ndani iliyozungushiwa mwamba kama ua wa nyumba, lakini mlango wake uko mikononi mwa Ufaransa.

Nimeandika haya kwa ajili ya Mswahili anayetaka kuchagua, awe ana siku nne au wiki mbili. Nitavilinganisha kwa mambo ninayoyaona yana uzito: jina, maji, mlima, mji na njia ya kufika. Naanza na jina kwa makusudi, kwa sababu nimeona watu wakikata tiketi wasijue wanashuka wapi.

Majina mawili kwa kila kisiwa

| Wenyewe wanakiita | Kwenye ramani ya Kifaransa | Mji mkuu | Mahali pa juu kabisa | Watu, sensa za 2017 |
|---|---|---|---|---|
| Ngazija | Grande Comore | Moroni | Karthala, mita 2,361 | 379,367 |
| Nzwani | Anjouan | Mutsamudu | Ntringi, mita 1,595 | 327,382 |
| Mwali | Mohéli | Fomboni | mita 790 | 51,567 |
| Maore | Mayotte | Mamoudzou | Benara, mita 660 | 256,518 |

Jina la jumla limetoka kwa Waarabu. Juzur al-Qamar, visiwa vya mwezi, ndivyo linavyoelezwa mara nyingi, na hilali iliyo kwenye bendera ya taifa inakwenda sambamba na maelezo hayo. Lakini wanajiografia wa Kiarabu wa zamani walilitumia jina al-Qumr hata kwa Madagaska, kwa hiyo tusidhani kwamba tangu mwanzo lilikuwa mali ya visiwa hivi vinne peke yake. Wenyeji wanapozungumzia nchi yao kwa mapenzi husema *masiwa*, yaani visiwa. Wimbo wao wa taifa unaitwa *Udzima wa ya Masiwa*, na nadhani msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo.

Majina ya Kifaransa kwa sehemu kubwa ni majina yale yale yaliyopinda ulimini mwa wageni. Nzwani, ambayo kwenye maandishi ya Kiarabu ni Hinzuan, ikawa Anjouan kwa Wafaransa. Waingereza waliipinda zaidi ikawa Johanna, kama jina la mwanamke. Meli zao zilizokuwa zikielekea Bara Hindi zilitia nanga hapo kuchota maji na kununua machungwa na ng'ombe. Ukisoma habari za David Livingstone utakutana na "watu wa Johanna", wapagazi wake wa mwaka 1866 waliomwacha njiani, wakarudi Zanzibar na kueneza habari kwamba ameuawa. Watu hao walikuwa Wanzwani. Ni Grande Comore tu lisilotokana na jina la wenyeji. Hilo ni jina la kupima ukubwa, na halikuambii chochote kuhusu Ngazija.

Na sisi tuna kosa letu. Unguja kila Mkomoro anaitwa Mngazija, hata kama kitovu chake kimezikwa Mutsamudu. Nilikua nikimwita hivyo mama mmoja jirani yetu, mpaka siku moja aliponiketisha akaniambia taratibu: "Mwanangu, mimi Mnzwani. Ngazija nimepita tu." Maneno yale hayajanitoka. Mtu huyu aliishi nasi miaka mingi, na kisiwa chake tulikuwa tumekifuta bila kujua.

Kuna utata mwingine wa kukutayarisha. Ramani zimeandikwa kwa tahajia ya Kifaransa, hivyo *ou* ni u, *ch* ni sh, *dj* ni j. Ouani ni Wani, Nioumachoua ni Nyumashuwa. Ukiyasoma kwa sauti, Kiswahili kinajitokeza chenyewe: Itsandra Mdjini ni Itsandra Mjini, na kila penye *dziani* ujue ni ziwani. Kisha kuna majina yanayojirudia. Fumbuni iko kusini mashariki mwa Ngazija, Fomboni ndio mji mkuu wa Mwali, na kati yao pana bahari. Bambao ni wilaya yenye Moroni ndani yake, tena ni kijiji cha Nzwani kilichokuwa na mashamba makubwa ya maua ya marashi. Moya ni ufukwe wa Nzwani, na ni ufukwe wa Maore pia. Kwa hiyo ukiuliza njia, taja kijiji na kisiwa chake.

Ngazija: mlima, mawe meusi, na maji ya birika

Visiwa vyote vinne vimezaliwa na volkano, ila kwa zamu. Maore ni mkongwe, Ngazija ni kitindamimba. Mimi naona umri huo unaeleza karibu kila kitu ambacho msafiri atakikuta. Kisiwa kichanga kina mlima mrefu unaowaka na mawe yasiyoshika maji. Kilichokomaa kina mabonde na mito. Kilichozeeka kimeshuka, na matumbawe yamepata muda wa kujenga ukuta mbali na ufuko.

Ngazija ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na haina mto. Mvua inanyesha, tena nyingi sana upande wa magharibi wa Karthala, lakini maji yanapenya kwenye jiwe la volkano na kupotea. Ndiyo maana vijiji vingi vimeishi kwa kukinga maji ya paa na kuyaweka kwenye mabirika. Novemba 2005 Karthala ilipotema majivu, yaliangukia humo humo kwenye mabirika, na watu wakabaki wanatazama maji wasiyoweza kuyanywa. Kabla ya hapo, mwaka 1977, lava ilishuka ikakifunika kijiji cha Singani. Mlima uliwaka tena 2006 na Januari 2007. Kileleni kuna kasoko kubwa lenye upana wa kilomita tatu hadi nne, miongoni mwa makubwa duniani kwa volkano iliyo hai.

Anayependa kupanda milima asisite, huku ndiko kwake. Hupandwa kwa siku moja ndefu au mbili, na kiongozi wa kijijini ni lazima kwa sababu ukungu hushuka ghafla. Beba maji yote utakayokunywa, juu hakuna kisima.

Lakini kisiwa hiki kina utajiri mwingine ambao kwangu mimi ni mkubwa kuliko mlima: miji yake na watu wake. Moroni ya kale, Iconi, Itsandra na Ntsudjini ni miji ya mawe yenye misikiti, milango na viwanja vya baraza wanavyoviita *bangwe*. Palipo na bangwe pana wazee, na mtu haingii kwenye safu ya wazee kwa umri tu. Lazima awe amefunga *anda*, harusi kubwa ambayo mwanamume hujiandalia kwa miaka mingi, wakati mwingine nusu ya maisha yake ya kazi, na mara nyingi kwa fedha anazozichuma ughaibuni. Ukifika miezi ya Julai na Agosti, ndugu wanaoishi Ufaransa wanaporudi, utakuta ngoma, majoho yaliyotariziwa na wanawake waliojipaka usoni msinzano, yaani liwa ya sandali. Kama una mwenyeji wa kukushika mkono, hiyo peke yake inatosha kukuleta Ngazija.

Kwa Waislamu wa pwani kuna sababu ya ziada. Sheikh Ahmad bin Sumayt, aliyekuwa kadhi Unguja na kufundisha kizazi kizima cha masheikh wetu, alizaliwa Itsandra mwaka 1861. Na Moroni pana kaburi la Said Mohamed al-Maaruf, aliyeieneza tarika ya Shadhiliya katika pwani hii yote. Watu bado wanakwenda kuzuru.

Kwa ufukwe, Ngazija si ya kwanza. Pwani yake kwa sehemu kubwa ni lava nyeusi iliyoganda baharini. Mchanga mweupe mzuri upo kaskazini, upande wa Mitsamihuli na Maluja, na Chomoni upande wa mashariki mchanga mweupe unakutana na jiwe jeusi. Ni pa kupendeza macho, ila usitarajie kilomita na kilomita za mchanga kama Paje.

Nzwani: kisiwa cha harufu

Nzwani ina umbo la pembetatu, kilomita za mraba 424, na kwa sensa ile ya 2017 ilikuwa na watu zaidi ya 770 kwa kila kilomita ya mraba. Hesabu hiyo utaiona kwa macho kabla hujaisoma popote: mashamba yamesimama kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiri mara mbili.

Hiki ndicho kisiwa ambacho mimi ningekichagua kama ningeruhusiwa kimoja tu. Njia za Mutsamudu ni nyembamba na za kupindapinda, mtu wa Lamu atajihisi yuko mtaani kwao. Juu yake ipo ngome iliyojengwa karne ya 18 kujikinga na majahazi ya Wamadagaska waliokuwa wakija kuteka watu. Domoni, upande wa mashariki, ni mkongwe zaidi na mtulivu zaidi. Ni mji wa Ahmed Abdallah, aliyetangaza uhuru Julai 6, 1975. Wanawake wa Nzwani hujifunika *shiromani*, nguo yao yenye nyekundu na nyeupe, na ukiiona ikipita kwenye uchochoro wa Mutsamudu utaelewa kwa nini yule mama jirani hakutaka kuitwa jina la kisiwa kingine.

Kisha harufu. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta ya mlangilangi, na Nzwani ndio moyo wa kazi hiyo. Maua huchumwa alfajiri, yakipigwa na jua yanapoteza nguvu, na siku hiyo hiyo huingizwa kwenye mtambo wa kukeneka unaochemshwa kwa kuni. Msimu wa karafuu ukikutana na wa maua, barabara nzima inanukia. Mpemba ataifahamu nusu ya harufu hiyo.

Kuni hizo, pamoja na wingi wa watu na mashamba, zimekigharimu kisiwa. Mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kusi kinapovuma. Hapa ndipo mahali paliposifika kwa mabaharia wa Ulaya kwa maji yake matamu, nalo jambo hilo linaniuma kila ninapolifikiria. Msitu uliobaki uko juu, kuelekea Ntringi na ziwa Dzialandze. Huko anaishi popo mkubwa mweusi aliyepewa jina la Livingstone, ambaye ulimwenguni kote hupatikana Nzwani na Mwali tu. Mabawa yake hufikia karibu mita moja na nusu. Nenda na mtu wa kijijini anayejua miti yao, na usiwapigie kelele.

Baharini, Nzwani ina jina jingine la kudumu. Desemba 1952 mvuvi wa upande wa Domoni alivua *gombessa*, samaki ambaye Wazungu humwita coelacanth, na ambaye mpaka miaka 14 tu kabla ya hapo wataalamu waliamini amekwisha tangu zama za dinosaria. Wavuvi wa Komoro walikuwa na jina lake muda wote, kwa sababu walikuwa wakimvua na kumla. Leo timu ya taifa ya mpira inaitwa kwa jina la samaki huyo, na ndiyo ile iliyoitoa Ghana kwenye Kombe la Afrika kwa mabao 3 kwa 2 Januari 2022.

Watanzania wana kumbukumbu nyingine na kisiwa hiki. Nzwani ilijitenga na Komoro mwaka 1997, na Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania na Sudan, chini ya Umoja wa Afrika, waliingia pamoja na jeshi la Komoro kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa akikitawala kisiwa. Kisiwa sasa kina amani. Ila usizungumze siasa za visiwa kana kwamba ni mzaha, majeraha yapo.

Mwali: kwa anayetaka kunyamaza

Mwali ni kisiwa kidogo kuliko vyote, na hakina haraka. Magari ni machache, mito bado inatiririka, msitu unashuka karibu na bahari. Anayekwenda kutafuta mji mkongwe na soko kubwa atachoka siku ya pili.

Sababu ya kwenda ni viumbe. Itsamia, kijiji cha kusini mashariki, kasa hupanda ufukweni kutaga mwaka mzima. Wanakijiji ndio wanaowalinda kwa chama chao wenyewe, na ukifika usiku utaongozwa nao. Zima tochi, zima simu, kaa nyuma ya kasa. Mbele ya Nyumashuwa kuna visiwa vidogo vilivyomo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2001, ya kwanza nchini. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu huja kuzaa na kulea kwenye maji hayo. Nyumba za wageni ni za kawaida, nyingi ni mabanda ya kijiji, na chakula ni samaki, mhogo na ndizi za nazi. Binafsi sioni upungufu hapo.

Historia yake ina malkia. Jumbe Fatima alipewa ufalme akiwa mtoto mwaka 1842, baada ya baba yake Ramanetaka, mwana wa kifalme wa Kimerina aliyekimbia kutoka Madagaska. Aliishi akivutwa huku na Wafaransa na huku na Zanzibar, mpaka alipofariki 1878.

Maore: mkongwe mwenye mlango wa pekee

Kwa bahari, Maore haina mshindani miongoni mwa ndugu zake. Mwamba wa nje umekizunguka kisiwa na kuacha ndani maji tulivu ya takriban kilomita za mraba 1,100, na mahali pengine kuna mwamba wa pili nyuma ya wa kwanza, jambo adimu duniani. Kasa na pomboo wapo. Kusini kuna kilele cha Chungi, mita 594, kimesimama kama kidole. Kwenye kisiwa kidogo cha pembeni kuna Dziani Dzaha, ziwa la kijani ndani ya kasoko. Mbali na Shimaore, lugha ya wenyeji iliyo ndugu ya Kiswahili, utasikia Kibushi, lugha ya asili ya Kimadagaska. Na ule utaratibu wangu wa umri umepata kasoro hapa: mwaka 2018 volkano mpya ilizaliwa chini ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya huyu mkongwe, ikapanda takriban mita 800 kutoka sakafu ya bahari. Wameiita Fani Maoré, na *fani* kwa Shimaore ni volkano. Nimefurahi kwamba safari hii jina lilitoka kwa wenyeji.

Kisiasa, Ufaransa ilikichukua kisiwa hiki 1841, na kilipiga kura kubaki nayo wenzake walipochagua uhuru. Tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Komoro na Umoja wa Afrika wanakihesabu ni cha Komoro, na nyota nne za bendera hazijapunguzwa. Tangu 1995 Mkomoro wa visiwa vingine anahitaji viza kuvuka. Kati ya Nzwani na Maore ni kilomita 70 tu, na watu wengi mno wamezama humo kwenye mashua ndogo za *kwasa*, wengine wakienda tu kujifungua au kumwona ndugu. Asije mtu akakushawishi kuvuka kwa njia hiyo.

Kwa mwenye pasi ya Tanzania au Kenya, viza ya Schengen haikuingizi Maore, inatakiwa viza inayotaja kisiwa hicho. Fedha ni euro na gharama ni za Ulaya. Zaidi ya hayo, Kimbunga Chido kilikipiga vibaya Desemba 14, 2024, na ujenzi mpya ni kazi ya miaka. Kwa sasa ningekwenda Maore kama nina ndugu wa kumjulia hali au kazi ya kufanya. Kwa matembezi ningengoja.

Kufika, na kuamua

Visiwa vitatu vya Muungano wa Komoro, yaani vyote isipokuwa Maore, vina mlango mmoja mkuu, uwanja wa Hahaya kaskazini ya Moroni, na ndege kutoka Dar es Salaam hutua hapo. Viza hutolewa ukifika. Chukua euro taslimu, faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro na utabadilisha bila shida, lakini usitegemee kadi nje ya Moroni. Kwenda Nzwani au Mwali kuna ndege ndogo na vyombo vya baharini. Wapo wanaovuka kwa mashua kutoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija, hadi Hoani ya Mwali. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili, ni joto, mvua na hatari ya vimbunga, safiri wakati wa kusi, hasa Juni hadi Septemba. Na siku za kuvuka zisishikane na siku ya ndege ya kurudi nyumbani, kwa sababu ratiba hubadilika.

Lugha haitakukwamisha. Shikomori na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na wengi wameishi Zanzibar, Dar au Mombasa. Jihadhari na neno moja: *marahaba* kwao ni asante. Ukimpa mtoto embe naye akakujibu marahaba, usidhani amekosa adabu. Kwenye chai omba *mkatra wa siniya*, halafu uulinganishe na mkate wa sinia wa nyumbani.

Mwenye siku nne akae Ngazija, apande Karthala na alale usiku mmoja Itsandra. Mwenye wiki moja na anapenda miji na mashamba, Nzwani, akitua tu Hahaya aunganishe moja kwa moja hadi uwanja wa Wani. Mwenye wiki moja na watoto wanaopenda wanyama, Mwali, na walale Itsamia usiku mbili, kwa maana usiku wa kwanza kasa anaweza asitokee. Mwenye siku kumi na nne aanze Nzwani, apite Mwali, amalizie Ngazija karibu na uwanja wa ndege. Na kwenye kaunta ya tiketi, hata kama karatasi imeandikwa Anjouan, wewe sema Nzwani. Watakuelewa, na huenda wakakuuliza wewe ni mtoto wa nani.